Dirisha Lililokwama Wakati wa Masika

Katika nyanda za juu za Kenya, mvua za masika zianzapo mwezi wa Machi, si ajabu kuona nyumba yenye dirisha la mbao ambalo halifunguki tena mpaka kiangazi. Mwenyewe hulisukuma mara mbili tatu, kisha huliacha. Ifikapo Julai, baridi ikizidi, jiko la makaa huingizwa ndani, na hapo ndipo penye hatari. Makaa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi, nayo huwaua watu wakiwa usingizini. Chumbani mwa kulala jiko lisiwekwe kamwe. Na hata jikoni lataka dirisha lililo wazi.

Ubao hukwama kwa sababu hunywa unyevu ukavimba. Lakini, ndugu msomaji, usikimbilie randa. Mimi nililiranda dirisha langu mwezi wa Aprili, nikajisifu sana. Ilipofika Januari palikuwa na ufa wa kupitisha kidole, na vumbi lote la barabarani likahamia kwangu. Kwanza tazama bawaba. Skrubu zikilegea, dirisha huinama na kusugua chini, na hapo ubao hauna kosa. Toa skrubu, jaza tundu kwa njiti ya kiberiti iliyopakwa gundi, kisha ukaze tena. Likiwa bado lasugua, paka chaki ukingoni, ulifunge na kulifungua: chaki itakapofutika ndipo panapogusa. Hapo piga msasa kidogo, kisha usugue nta ya mshumaa au sabuni kavu. Randa ingoje siku za jua, na ubao ulioranda upakwe rangi siku ile ile, hasa ukingo wa juu na wa chini, ambao baadhi ya mafundi huuacha mtupu kwa kuwa hauonekani.

Dirisha la chuma adui yake ni kutu. Lisugue kwa brashi ya waya, ulipake rangi ya kuzuia kutu, lakini bawaba zitie tone la mafuta ya cherehani tu. Mafuta ya kupikia hayafai, maana hunata na kukusanya vumbi. Na kama ni rangi iliyolifunga, pitisha kisu chembamba penye maungio kabla ya kusukuma, usije ukavunja kioo.

Kazi ikiisha, mwite mtoto wa miaka minane alifungue kwa mkono mmoja. Akishindwa, zirudie bawaba.