Hati iko kabatini kwako, nyumba iko kwa mfilisi

Wengi wetu tuliotoka Bariadi, Maswa au Meatu tumeshakopesha nyumbani kwa mtindo huu. Msimu wa pamba unakaribia, mtoto wa baba mdogo anatafuta mtaji, unamtumia dola, naye anakukabidhi hati ya nyumba yake ya Somanda ukae nayo mpaka amalize deni. Mnaandikishana, mashahidi wawili wanasaini, mwenyekiti wa mtaa anagonga muhuri. Hati inasafiri hadi Minneapolis ndani ya begi la shangazi na kufungiwa kabatini. Roho yako inatulia.

Mtaani tunaita kuweka bondi. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inaitambua kama rehani isiyo rasmi, na inambana huyo ndugu yako. Shida huanza anapodaiwa na wengine pia, maana sheria hiyohiyo inawapanga wadai kwa usajili: rehani iliyosajiliwa kwa Msajili wa Hati inaitangulia isiyosajiliwa, hata kama karatasi yako iliandikwa miaka mitatu kabla.

Utaniuliza, benki itasajili vipi wakati hati halisi ninayo mimi? Hapa ndipo wengi tunapoumia. Mwenye nyumba akiapa kwamba hati imepotea, anaweza kuomba nyingine. Tangazo hutolewa katika Gazeti la Serikali, na asipojitokeza wa kupinga, anaweza kupewa. Nani kati yetu analisoma Gazeti la Serikali akiwa Minnesota? Kuapa uongo ni jinai, ndiyo, lakini wewe ulitaka pesa yako irudi, hukutaka kumfunga ndugu.

Sasa bei ya pamba ianguke na mahakama imtangaze kuwa mufilisi. Mali zake zinaingia mikononi mwa mfilisi. Mdai mwenye dhamana iliyokamilika kisheria anaishikilia dhamana yake. Katika kinachobaki, kodi za serikali na mishahara ya wafanyakazi vina kipaumbele, halafu wadai wengine wanagawana kwa uwiano wa madeni yao. Aliyekopa akiwa kampuni, tuseme yenye kinu cha kuchambua pamba, ni balaa zaidi: dhamana ya ardhi isiyosajiliwa kwa msajili wa kampuni, BRELA, ndani ya siku 42 ni batili mbele ya mfilisi na wadai wenzako. Deni linabaki, kinga imekwenda.

Huku Marekani nako msimamizi wa mali za mufilisi anaweza kuitengua rehani ambayo haikuandikishwa kaunti. Ndiyo maana benki za huku haziachi rehani ya nyumba bila kuiandikisha. Kwa nini nyumba ya Bariadi turidhike na muhuri wa mtaa?

Kama hati tayari unayo, mpe mtu unayemwamini hati ya uwakala akakuwekee zuio kwa Msajili wa Hati, ili nyumba isihamishwe wala kuwekwa rehani kimyakimya. Mkataba ulipiwe ushuru wa stempu, kwani bila huo mahakama haiupokei kama ushahidi. Kisha tazama saini. Nyumba ya familia haiwekwi rehani bila ridhaa ya mwenzi wa ndoa, lakini karatasi nyingi nilizoonyeshwa na wenzetu zina saini za wanaume watatu na muhuri. Jina la mke halimo.