Je, Wajua? Nantucket, Kisiwa Kilichowasha Taa za London

Je, wajua kwamba katika karne ya 18 barabara za London ziliangazwa kwa mafuta ya nyangumi, na mengi kati ya hayo yalitoka kwenye kisiwa kidogo cha mchanga karibu na pwani ya Massachusetts, Marekani? Kisiwa hicho ni Nantucket. Mpaka 1795 mji wake uliitwa Sherburne.

Walowezi wa Kiingereza waliofika 1659 hawakuwa mabingwa wa kuwinda nyangumi. Mwaka 1690 walimwajiri mtu wa Cape Cod, Ichabod Paddock, aje awafundishe.

Makasia ya mwanzo yalivutwa na Wawampanoag, wenyeji wa kisiwa, ambao wengi walishikiliwa kazini kwa madeni. Mwaka 1763 hadi 1764 maradhi yaliua 222 kati ya 358 waliokuwa wamebaki. Hadithi za mashujaa wa bahari huwa zinaruka ukurasa huu.

Je, wajua kilichomponza nyangumi wa kichwa kikubwa? Ni kichwa hichohicho. Ndani yake mna mafuta mepesi yanayoganda kama nta yakipata baridi, nayo yalitoa mishumaa safi kuliko yote ya wakati ule. Tumboni mwa nyangumi huyohuyo ndimo inamotoka ambari ya manukato, ambayo msafiri wa Kiarabu al-Masudi aliiandika katika karne ya 10 kuwa miongoni mwa bidhaa za nchi ya Zanji, yaani pwani ya Afrika Mashariki. Watu wa pwani yetu waliingoja bahari iilete ufukweni. Watu wa Nantucket walimfuata nyangumi mwenyewe kwa chusa, hata safari ikichukua miaka mitatu au minne.

Merikebu mbili kati ya zile ambazo chai yake ilimwagwa baharini Boston na waliopinga kodi ya Uingereza tarehe 16 Desemba 1773, Dartmouth na Beaver, zilikuwa za ukoo wa Rotch wa Nantucket. Zilipeleka mafuta London, zikarudi na chai.

William Rotch wa ukoo huo anastahili kukumbukwa kwa jambo kubwa zaidi. Kabla Marekani haijapata uhuru, alimlipa baharia Prince Boston ujira wake wa safari ya nyangumi mkononi mwake, ingawa Prince alihesabiwa kuwa mtumwa na ujira ulidaiwa na waliomwita mali yao. Wadai walikwenda mahakamani, wakashindwa.

Mtoto wa nduguye Prince, Absalom Boston, ambaye mama yake alikuwa Mwampanoag, aliondoka bandarini 1822 akiwa nahodha wa merikebu Industry yenye mabaharia weusi watupu. Baada ya miezi sita alirudi na mapipa 70 tu. Kibiashara si kitu. Lakini alirudi na watu wake wote, na katika kazi ile manahodha wengi hawakuweza kusema hivyo. Akajiwekea mali nchi kavu, na binti yake Phebe Ann alipokataliwa shule ya sekondari mwaka 1845 kwa sababu ya rangi yake, Absalom aliishtaki halmashauri ya mji. Haukupita muda mrefu shule ikawafungulia watoto wote. Kwangu mimi, huyu ndiye nahodha wa Nantucket anayestahili riwaya.

Riwaya aliipata mwingine. Tarehe 20 Novemba 1820 nyangumi aliigonga kwa kichwa merikebu Essex katikati ya Pasifiki na kuizamisha. Watu 20 waliingia katika mashua tatu. Wakaviepuka visiwa vilivyokuwa karibu zaidi kwa kuwaogopa wala watu, wakaelekea mbali, na mwishowe wakala maiti za wenzao. Wakapiga hata kura ya nani auawe, ikamwangukia Owen Coffin, binamu wa nahodha George Pollard. Waliookoka ni wanane, na hakuna mweusi hata mmoja kati yao. Mkasa huo ulimpa mwandishi Herman Melville mwisho wa Moby-Dick, riwaya yake ya 1851. Nantucket kwenyewe hakuwahi kufika hadi 1852! Alimkuta Pollard ni mlinzi wa usiku.

Wanaume wakiwa baharini, nani aliendesha mji? Wake zao. Walishika maduka, hesabu na biashara. Na Maria Mitchell, binti wa mtu aliyerekebisha saa za merikebu, aligundua nyota yenye mkia (kometi) kwa darubini tarehe 1 Oktoba 1847, akapewa nishani ya dhahabu na mfalme wa Denmark.

Fungu la mchanga mlangoni mwa bandari lilizuia merikebu kubwa, na kuanzia 1842 zikawa zinainuliwa kwa maboya makubwa yaliyoitwa ngamia. Bandari ya New Bedford, huko bara, ilikuwa na kina, ikachukua biashara. Julai 1846 moto uliteketeza theluthi ya mji, mafuta yakiwaka juu ya maji. Ikaja dhahabu ya California ikawavuta wanaume, kisha mafuta ya petroli ya Pennsylvania mwaka 1859 yakachukua nafasi ya mafuta ya nyangumi. Merikebu ya mwisho ya nyangumi, Oak, iliondoka 1869, haikurudi.

Kijana mmoja wa kisiwa, Rowland Macy, alikwenda kuwinda nyangumi akiwa na miaka 15, akarudi na chale ya nyota nyekundu. Maduka yake kadhaa yalifilisika kabla hajafungua lile la New York mwaka 1858, Macy's, ambalo nembo yake hadi leo ni nyota nyekundu.