Nyongeza ya Oktoba Si ya Mzimamoto

Kila Oktoba naulizwa swali lile lile: "COLA ya mwaka huu ni asilimia ngapi, na pensheni yangu ya zimamoto itapanda lini?" Huniuliza wazimamoto waliostaafu katika miji ya Marekani, huniuliza wajane wao, huniuliza na vijana wetu waliohamia kule, wakaingia kikosini na sasa wanapiga hesabu za uzeeni. Wote wamesikia tangazo moja kwenye taarifa ya habari, na wengi wameshaanza kuipangia matumizi pesa ambayo haiji. Kumjibu mmoja mmoja hakujasaidia, kwa hiyo leo nalijibu kwa wote.

COLA ni nyongeza ya kufidia kupanda kwa gharama za maisha, na asilimia yake inayotangazwa Oktoba ni ya Social Security, mfuko wa hifadhi ya jamii wa taifa zima. Pensheni ya mzimamoto wa Chicago, Dallas au New York haitoki huko. Hutoka katika mfuko wa jiji au wa jimbo, wenye sheria yake, bodi yake na kikokotoo chake. Social Security ilipopandisha malipo kwa asilimia 8.7 mwaka 2023, nyongeza kubwa kuliko zote tangu ile ya 1981, wapo wazimamoto walioongezewa dola 45 tu kwa mwezi, na wapo ambao hawakuongezewa hata senti moja. Hakuna aliyewaibia. Walilipwa kama sheria za mifuko yao zinavyosema.

Naelewa kosa hili lilikotoka. Tangu 1975 malipo ya Social Security hupanda yenyewe. Serikali huchukua wastani wa faharasa ya bei wa Julai, Agosti na Septemba, huulinganisha na wa miezi hiyo hiyo ya mwaka wa mwisho uliokuwa na nyongeza, na tofauti ndiyo inayokuwa nyongeza ya Januari. Bunge halipigi kura wala hakuna anayeomba. Utaratibu ni mzuri na hutangazwa kwa kishindo, na kishindo hicho ndicho kilichowafanya watu waamini kwamba kila pensheni ya Marekani hufuata mkondo huo.

Haifuati. Social Security ilipoanzishwa kwa sheria ya 1935, watumishi wa majimbo na miji waliachwa nje. Mlango ulipoanza kufunguliwa miaka ya 1950, miji mingi iliyokuwa na mifuko yake ya polisi na zimamoto haikuingia, na hadi leo wazimamoto wengi hawakatwi mchango huo. Mzimamoto wa Chicago au Dallas anaweza kupanda ngazi na kuvuta mipira ya maji miaka 30 bila kuchangia Social Security hata dola moja kutokana na kazi hiyo. Mtu hawezi kudai nyongeza ya mfuko asioulisha.

Tupite mji kwa mji, maana wabishi huniambia, "Sawa, lakini lazima kuwe na kitu kama hicho." Kitu kipo, ila kina sura nyingi.

New York wana sheria ya mwaka 2000. Nyongeza kwa wastaafu wengi wa jiji na wa jimbo ni nusu ya mfumuko wa bei, isipungue asilimia 1 wala kuzidi asilimia 3, tena hukokotolewa kwa dola 18,000 za kwanza tu za pensheni ya mwaka. Na mstaafu wa kawaida haipati siku anapovua koti. Lazima awe na miaka 62 na amestaafu kwa miaka 5, au, kwa kazi kama za polisi na zimamoto, awe na miaka 55 na amestaafu kwa miaka 10. Sasa piga hesabu. Katika mwaka ulioishia Machi 2022 bei zilipanda kwa asilimia 8.5. Nusu yake ni 4.25, sheria ikaikata hadi 3, na asilimia 3 ya dola 18,000 ni dola 540 kwa mwaka, yaani zile dola 45 kwa mwezi nilizozitaja. Mwenye pensheni ya dola 60,000 alihitaji dola 5,100 za ziada ili abaki pale pale alipokuwa. Nyongeza yake haikufika hata asilimia 1.

Illinois ndiko kunakowachanganya watu zaidi, kwa sababu huko husikika "asilimia 3 kila mwaka" na msikilizaji akaridhika. Asilimia 3 ya nini? Katika miji iliyo nje ya Chicago, mzimamoto aliyeajiriwa kabla ya 2011 huongezewa asilimia 3 ya pensheni anayopokea sasa, kwa hiyo nyongeza ya mwaka huu huzaa juu ya nyongeza ya mwaka jana. Mwenzake wa Chicago wa kundi hilo hilo huongezewa asilimia 3 ya pensheni yake ya mwanzo tu, kiasi kile kile miaka yote. Wape wote wawili dola 60,000 za kuanzia. Baada ya miaka 20 wa Chicago anapokea dola 96,000, na wa mji jirani anapita kidogo dola 108,000. Tofauti ni zaidi ya dola 12,000 kila mwaka, na wote wawili wakiulizwa watajibu kwamba wana "asilimia 3". Aliyeajiriwa kuanzia 2011 yuko chini yao wote: hupata asilimia 3 au nusu ya mfumuko wa bei, ile iliyo ndogo, kwa pensheni ya mwanzo, na hadi atimize miaka 60 ndipo aanze kuipata.

California, miji mingi imewaweka wazimamoto wake katika mfuko wa CalPERS. Kule nyongeza hufuata bei, lakini kwa miji mingi dari ni asilimia 2 kwa mwaka. Wana kinga moja ya maana: mfumuko ukila pensheni mpaka nguvu yake ya kununua ikashuka chini ya asilimia 80 ya ilivyokuwa, mstaafu wa mji hufidiwa ili arudi hapo. Hiyo ni kinga dhidi ya maafa. Asilimia 20 zinazotangulia ni hasara yake mwenyewe.

Wapo pia wazimamoto wa serikali ya shirikisho, wale wa misitu na kambi za jeshi. Hawa ndio pekee kati ya niliowataja ambao tangazo la Oktoba linawagusa, na hata wao si wote kwa kiwango kimoja. Walio katika mpango wa zamani hupata asilimia kamili. Walio katika mpango mpya hupunguziwa asilimia 1 bei zinapopanda kwa zaidi ya asilimia 3, ndiyo maana mwaka 2023 walipata 7.7 badala ya 8.7.

Halafu kuna Dallas. Wazimamoto wa zamani wa jiji hilo walikuwa wakiongezewa asilimia 4 ya pensheni ya mwanzo kila mwaka, bei zipande zisipande. Mfuko ukaahidi pia riba kubwa kwa waliochelewa kuondoka kazini na kuacha pensheni zao zikilimbikizwa humo, huku ukipoteza fedha katika majengo na ardhi. Mwaka 2016 wenye akaunti wakashtuka na kuchota zaidi ya dola milioni 500. Mwaka 2017 Bunge la Texas likapitisha sheria ya kuuokoa mfuko, na nyongeza ya kila mwaka ikafutwa. Isingerudi mpaka mfuko uwe na angalau asilimia 70 ya fedha unazodaiwa, hata baada ya kutoa nyongeza yenyewe. Kwa hiyo bei zilipolipuka mwaka 2022, mstaafu wa Dallas alikuwa mikono mitupu.

Kuna wanaojitetea kwa sheria ya Januari 2025. Rais Biden aliitia saini tarehe 5 mwezi huo, na kweli ilifuta makato mawili yaliyokuwa yakiwapunguzia Social Security watu wenye pensheni za mifuko isiyochangia huko, wazimamoto wakiwemo. Ni haki waliyoipigania kwa miaka mingi. Lakini iligusa malipo ya Social Security ya mtu aliyechangia katika kazi nyingine, au anayestahili kupitia mume au mke. Haikuongeza senti katika pensheni ya zimamoto. Anayewaambia wazee kwamba sheria hiyo imewaletea COLA ya zimamoto anawapotosha, na mzee anayekopa kwa kuamini maneno hayo ndiye atakayelipa.

Jambo la mwisho katika ubishi huu ni zito kuliko yote: ahadi ya pensheni na ahadi ya nyongeza hazilindwi kwa uzito mmoja kila mahali. Mwaka 2015 Mahakama ya Juu ya Illinois iliitupa sheria iliyotaka kupunguza nyongeza za wastaafu wa jimbo, kwa kuwa katiba yao inakataza kupunguza mafao ya uzeeni. Detroit nayo iko katika jimbo ambalo katiba yake inalinda pensheni, lakini jiji lilifilisika mwaka 2013 na sheria ya ufilisi ya taifa ikawa na nguvu zaidi. Mpango ulioidhinishwa mwaka 2014 uliwaachia polisi na wazimamoto pensheni zao za msingi, ila nyongeza yao ya asilimia 2.25 ikakatwa zaidi ya nusu, ikabaki kama asilimia 1. Wastaafu wengine wa jiji walikatwa pensheni yenyewe na kupoteza nyongeza yote. Fedha zinapokwisha, nyongeza hukatwa kwanza.

Sasa ya kufanya. Omba kijitabu cha mpango wa mfuko wako na utafute majibu matano: nyongeza inaanza katika umri gani, inakokotolewa kwa kiasi gani, dari yake ni ipi, inatolewa na sheria au kwa hiari ya bodi, na mjane au mgane wako ataendelea kuipata? Omba pia ripoti ya mwaka uone mfuko una asilimia ngapi ya fedha unazodaiwa. Kama bado uko kazini, weka akiba katika akaunti ya uzeeni ya 457(b), ambayo ukiacha kazi unaweza kuitumia hata kabla ya uzee bila adhabu ya kodi. Kama umechangia Social Security kwa kazi nyingine miaka 10 hivi, fikiria kuchelewa kuichukua: baada ya umri kamili wa kustaafu hukua kwa asilimia 8 kila mwaka hadi ufike 70, na hiyo ndiyo pesa yako itakayofuata tangazo la Oktoba. Lipa mkopo wa nyumba kabla hujastaafu. Ukipewa hundi ya kumi na tatu, yaani malipo ya ziada juu ya yale kumi na mawili ya mwaka, jua kwamba ni ya mara moja, haipandishi pensheni ya mwakani. Usiuze pensheni yako kwa kampuni zinazotoa mkupuo. Bei yao ni ya kukuumiza. Jiunge na chama cha wastaafu, wapigie kura wadhamini wa mfuko, na uhudhurie vikao vya bodi, maana kilichoko hiarini mwa bodi hupatikana kwa wanaofika kudai.

Na kwenu mlioko nyumbani, mnaosema wazimamoto wa Afrika Mashariki wapewe nyongeza "kama Marekani": dai lenu ni la haki, lakini tajeni mji. Kudai kama Dallas ya 2022 ni kudai sufuri. Daini sheria inayotaja kiwango, inayokokotoa kwa pensheni ya sasa, na inayosema fedha zitatoka wapi.

Mzimamoto hustaafu mapema kwa sababu mwili hauhimili moto hadi miaka 65. Akiondoka na miaka 52, na bei zikapanda kwa asilimia 3 tu kwa mwaka, pensheni isiyoongezwa itakuwa imepoteza karibu nusu ya nguvu yake atakapofika 75. Kijitabu cha mfuko wako hakiuzwi. Kiombe wiki hii.