Difu Inayojifunga Yenyewe: Msaada Wake na Hatari Yake

Leo tuzungumze juu ya gari la kubebea mazao. Masika yakianza, njia ya kutoka shambani hadi barabara kuu huwa tope tupu. Nyanya zikilala njiani siku mbili, hasara ni yako wewe mkulima, si ya mnunuzi. Ndiyo maana baadhi yetu tumechangishana tukanunua pikapu iliyokwisha tumika, yenye kuvuta kwa magurudumu yote manne. Baadhi ya magari hayo huja yametiwa difu inayojifunga yenyewe. Ukiijua, itakufaa. Usipoijua, yaweza kukuumiza.

Kwanza, difu ni nini? Ni yale meno yaliyomo ndani ya lile duara la chuma katikati ya ekseli. Kazi yake ni kupeleka nguvu ya injini kwa magurudumu mawili, la kulia na la kushoto, huku ikiyaacha yazunguke kwa mwendo tofauti. Gari likikata kona, gurudumu la nje lina safari ndefu kuliko la ndani. Hapo difu ya kawaida ni nzuri sana. Ubaya wake huonekana matopeni: gurudumu lililokosa mshiko ndilo linalozunguka ovyo, na lile lililo pakavu linasimama tu. Basi hata gari la magurudumu manne hukwama, ikiwa moja la mbele na moja la nyuma yanateleza.

Difu inayojifunga yenyewe haikubali hivyo. Njia ikinyooka, meno yake hushikana na magurudumu yote mawili huvuta pamoja, hata moja likiwa hewani. Kwenye kona, upande wa nje huachia, gurudumu likatangulia, kisha meno yakashika tena. Dereva habonyezi kitu chochote.

Sasa, namna ya kuishi nayo. Ukisikia "ka-ka-ka", au kishindo kidogo kwenye kona, usishtuke, ndivyo ilivyo. Lakini ukisikia mlio wa kusaga, au ukaona vipande vya chuma kwenye oili ya difu, mwone fundi mapema. Zaidi ya hayo, shika mambo manne.

La kwanza: tairi za ekseli moja ziwe za kipimo kimoja, na upepo uwe sawa. Zikitofautiana, difu hufanya kazi kana kwamba gari liko kwenye kona siku zote. Mzigo wote huangukia upande mmoja, na shafti yaweza kukatika.

La pili: kwenye kona usikanyage mafuta na kuachia, kukanyaga na kuachia. Shika mwendo mmoja, taratibu.

La tatu: jihadhari na njia yenye utelezi iliyoinama upande wa bondeni. Kwa difu ya kawaida, gurudumu moja huteleza na la pili hulizuia gari lisisogee. Kwa difu hii yote mawili huteleza pamoja, na mkia wa gari ukaelekea bondeni. Abiria washuke kwanza! Nenda polepole, mafuta kidogo.

La nne, na kubwa kuliko yote: jeki. Ukiinua gurudumu moja la nyuma, usiwashe injini na kutia giya hata kidogo. Lile lililobaki chini litavuta, na gari litaruka kutoka kwenye jeki. Zima injini, weka mawe mbele na nyuma ya tairi, na mtu asiingie chini ya gari.

Kwa hiyo, kabla hamjatoa fedha, mwambieni fundi aikague difu awaelezeni ni ya namna gani. Na kila dereva wa kikundi afundishwe haya, pamoja na utingo wake, maana yeye ndiye mwenye kushika jeki.