Nyama Nyekundu ya Kidonda

Mvuvi wa Nchelenge akichomwa na mwiba wa kambare, baada ya siku chache huona nyama nyekundu yenye chembechembe ikijaza kidonda. Wengine huidhania uoza, wakaikwangua. Hilo ni kosa. Wekundu huo ni mishipa midogo ya damu iliyochipuka kupeleka oksijeni na chakula panapojengwa upya.

Mishipa hiyo ni michanga. Kuta zake hazijakaza; huvuja majimaji, na hutoka damu kwa kuguswa tu. Vijidudu vikiingia, hutanuka na kuvuja zaidi. Kidonda huvimba, huuma na kuchelewa kufunga. Kikipona vizuri, mingi hutoweka, likabaki kovu.

Kwa hiyo osha kidonda kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, kifunike, na lowesha bendeji kabla ya kuitoa. Ukiona usaha au homa, nenda hospitali. Uliza pia sindano ya pepopunda. Nanyi wenye mitumbwi, msimrudishe majini mtu mwenye kidonda kibichi. Mapumziko yake ni sehemu ya matibabu.