Bakshishi gesti na stesheni: Umpe nani, shilingi ngapi, na kwa njia gani?

Treni ya reli ya kati ikisimama Goweko, mkoani Tabora, abiria hana muda wa kupoteza. Anashuka na begi, mfuko wa mchele na mtoto mgongoni. Kabla hajakaa sawa, kijana ameshasogea: “Shikamoo mama, nikusaidie mzigo?” Baadaye, gesti, dada mwingine anapokea begi lile lile, anafungua chumba na kuuliza kama mgeni atataka maji ya moto ya kuoga.

Wote wawili wamesaidia. Swali ni moja: hapa unatoa hela, au unasema asante tu?

Wasafiri wengi wa ndani hubaki njia panda. Wengine wanaona bakshishi ni mambo ya watalii wa Serengeti na Zanzibar. Wengine wanatoa, lakini kwa namna inayomwacha mhudumu matatani. Haya ndiyo ya kujua kabla ya safari yako ijayo.

Tofautisha ujira na bakshishi

Kijana anayebeba mizigo stesheni mara nyingi hajaajiriwa na mtu. Hela unayompa ndiyo riziki yake ya siku. Huo ni ujira, na ujira ni haki yake, siyo hisani yako.

Bakshishi ni kitu kingine. Ni nyongeza unayotoa kwa hiari, kazi ikishakwisha, kwa mtu ambaye umeshamlipa au analipwa na mwajiri wake. Usipoitoa hudaiwi. Ukiitoa, hununui chochote.

Ndiyo maana kumwambia mbeba mzigo “nitakupa chochote” si ustaarabu. Umegeuza ujira wake kuwa bakshishi, na yeye ameshatoa jasho.

Maneno matatu ya njia moja

Jambo hili si geni ukanda huu. Goweko ipo upande wa mashariki wa Tabora, kwenye ushoroba ambao karne ya 19 ulipitisha misafara kati ya Bagamoyo, Tabora na Ujiji. Mizigo ilibebwa na wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, kila mmoja akiwa na kilo 30 hivi begani au kichwani, kwa miezi kadhaa.

Wapagazi hawa walikuwa wakifanya kazi kwa makubaliano. Walilipwa kwa nguo kama merikani na kaniki, au kwa shanga. Msafara usipowatendea haki, waligoma au waliondoka na kuuacha mzigo porini. Wazungu waliopita Tabora, akiwemo Richard Burton mwaka 1857 na Henry Stanley mwaka 1871, waliwategemea kwa kila hatua.

Njia hiyo imetuachia maneno. *Posho* ilikuwa chakula cha kila siku cha mpagazi, au nguo na shanga za kukinunulia. Leo ni hela ya semina. *Hongo* ilikuwa ushuru ambao misafara iliwalipa watawala wa njiani, hasa Ugogo, ili ipite salama. Leo ni rushwa. *Bakshishi*, neno lenye asili ya Kiajemi, ndilo lililobaki na maana yake ile ile: zawadi juu ya malipo.

Ukikumbuka hayo matatu, utajua unatoa nini. Posho ni stahili, hongo ni ya kufunguliwa njia, bakshishi ni asante.

Mpaka na rushwa uko wapi?

Angalia muda na sababu. Ukimpa mhudumu 2,000 asubuhi unapoondoka kwa kuwa alikuchemshia maji usiku, hiyo ni bakshishi. Ukimpa mtu wa mapokezi 10,000 ili akupe chumba cha mgeni aliyeweka nafasi kabla yako, umehonga.

Na usidhani rushwa ni ya ofisi za serikali tu. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 inamgusa pia mfanyakazi wa sekta binafsi anayepokea kitu ili aende kinyume na wajibu wake kwa mwajiri.

Tanzania ilishabishania mpaka huu mahakamani. Mabadiliko ya sheria ya uchaguzi ya mwaka 2000 yaliruhusu “takrima”, yaani ukarimu wa mgombea kwa wapigakura. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ikaifuta, kwa sababu ukarimu unaotolewa kabla, kwa mtu unayetaka kitu kwake, ni vigumu kuutenga na hongo. Kipimo hicho kinafaa hata mapokezi ya gesti.

Mbeba mzigo: patana kwanza

Stesheni ndogo treni haikai sana, na hapo ndipo ugomvi wa bei unapoanzia. Mzigo umeshafika kwenye boda, ndipo mnaanza kuulizana.

Fanya hivi:

- Taja mizigo yote mapema. Begi moja na gunia la mpunga si kazi moja.
- Sema unakokwenda. Mpaka barabarani, kwenye boda, au mpaka mlangoni kwa gesti?
- Kubalianeni bei kabla mzigo haujanyanyuliwa.
- Kuwa na noti ndogo. Kumpa kijana noti ya 10,000 kwa kazi ya 1,000 saa tano usiku ni kumtafutia kazi ya pili: kuhangaikia chenji.

Ukiridhika, ongeza 500 au 1,000 juu ya bei mliyopatana. Hiyo ndiyo bakshishi. Kama amekaa na mizigo yako saa mbili kwa sababu treni imechelewa, ongeza zaidi. Muda wake nao ni hela.

Hotelini ni tofauti. Mwenye sare anayekupandishia begi analipwa na hoteli, kwa hiyo hakuna kupatana. Akishaliweka chumbani na kukuonyesha swichi na bomba, mpe mkononi na umshukuru.

Uzito nao uangalie. Mlima Kilimanjaro, ambako wapagazi wapo mpaka leo, mzigo wa msafara anaobeba mpagazi mmoja umewekewa kikomo cha kilo 20. Stesheni hakuna mzani. Mzigo ukiwa mzito, ita watu wawili na uwalipe wawili.

Mhudumu wa chumba: mtu usiyemwona

Mbeba mzigo unamwona, ndiyo maana anakumbukwa. Mhudumu wa usafi anaingia ukiwa umetoka na kumaliza kabla hujarudi. Anakunja chandarua, anabadilisha shuka, anasugua choo. Mara nyingi ndiye anayesahaulika.

Kwenye gesti ndogo, mtu huyo mmoja anaweza kuwa ndiye mapokezi, ndiye mfuaji, ndiye mchota maji, na ndiye anayeamka kukufungulia geti treni ikiingia usiku wa manane. Kima cha chini cha mshahara kwa sekta binafsi kimekuwa kikiziweka gesti, baa na migahawa kwenye kundi la chini ya hoteli kubwa za kitalii. Kwa hiyo anayefanya kazi nyingi zaidi peke yake ndiye ambaye mara nyingi analipwa kidogo zaidi.

Shilingi ngapi?

Hakuna bei elekezi. Haya ni makadirio ya kukusaidia usikose pa kuanzia:

- Gesti ya kawaida: 1,000 hadi 2,000 kwa usiku kwa mhudumu wa chumba.
- Hoteli ya kati, mjini Tabora au Dodoma: 2,000 hadi 5,000 kwa usiku; 1,000 hadi 2,000 kwa begi.
- Hoteli ya kitalii: 5,000 na kuendelea kwa usiku, 2,000 hadi 3,000 kwa begi.

Ongeza kama umekuja na watoto, umeumwa na chumba kikachafuka, au umeomba kitu nje ya utaratibu. Punguza au acha kama hujahudumiwa. Lakini usimwadhibu mhudumu kwa kosa la mwenye nyumba. Umeme kukatika na bomba kukauka si makosa yake.

Kama mnatoka nje ya nchi, toeni shilingi. Tangu Machi 2025, kanuni zinakataza kulipia bidhaa na huduma ndani ya Tanzania kwa fedha za kigeni. Na hata kanuni ukiziweka kando, dola moja mkononi mwa dada wa Goweko ni safari ya kutafuta pa kuibadilisha. Nauli inaweza kuzidi zawadi yenyewe.

Usiache hela kienyeji

Hapa ndipo wema unapoweza kumponza mtu.

Mgeni anaacha 5,000 mezani, anatoka kwenda kunywa chai. Mhudumu anaingia. Aichukue? Akiichukua na kumbe mgeni aliisahau, ameiba. Asipoichukua na mgeni akaondoka, anaweza kuichukua mwingine. Kwenye kazi ambayo neno la mgeni lina uzito kuliko la mfanyakazi, tuhuma moja ya wizi inatosha kumpotezea mtu ajira.

Suluhisho ni dogo: karatasi. Andika “Ya mhudumu wa usafi. Asante”, weka na chumba namba ngapi, kisha acha hela juu yake. Usiifiche chini ya mto wala ndani ya Biblia au Msahafu.

Kama unakaa siku kadhaa, toa kila asubuhi. Zamu hubadilika. Ukisubiri siku ya mwisho, aliyekusafishia siku tatu anaweza kuwa off, na aliyekuja leo akapata zote.

Mkononi, siyo lipa namba

Siku hizi wengi hawatembei na noti. Lakini lipa namba iliyobandikwa mapokezi ni ya biashara, na hela inaingia kwa mwenye gesti. Usiseme “nimeongeza 2,000 hapo ya dada” ukadhani kazi imekwisha.

Mtumie kwenye namba yake mwenyewe, hakikisha jina linalotokea kabla ya kubonyeza, na jumlisha ada ya kutoa. Ila usiihifadhi hiyo namba kwa ajili ya kumsumbua baadaye. Ukiona anasita kuitoa, usilazimishe. Tafuta chenji dukani.

Mgeni wa kiume, mhudumu wa kike

Hili halisemwi sana, lakini wahudumu wanalijua. Noti inayotolewa saa nne usiku, mlango nusu wazi, mwanaume ndani, inaweza kusomeka kama ombi lingine kabisa.

Mpe mchana, mapokezi au koridoni, mbele za watu. Sema sababu: “Dada, asante kwa maji ya jana.” Usimshike mkono, usimwombe akae kidogo. Bakshishi haimpi mgeni haki yoyote juu ya mwili au muda wa mhudumu.

Kama huna?

Kuna namna nyingine za kumpunguzia mtu kazi, na hazihitaji hela. Kusanya taka sehemu moja. Tandua shuka kama umezichafua na umwambie. Msalimie, muulize jina. Msifie kwa bosi wake kwa jina, maana sifa hiyo inaweza kumsaidia kuliko noti.

Na taulo liache. Taulo likipotea, anayeulizwa kwanza ni aliyesafisha chumba. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 hairuhusu mwajiri kukata mshahara ovyo, lakini si kila mhudumu ana mkataba mkononi au ujasiri wa kubishana. Kabidhi chumba akiwepo, ahesabu vitu vyake, ndipo uondoke.

Bakshishi si mshahara

Nchi hazifanani. Japani, mhudumu anaweza kukurudishia hela uliyoiacha, kwa heshima zote. Marekani, sheria ya shirikisho inamruhusu mwajiri kumlipa mfanyakazi wa bakshishi dola 2.13 tu kwa saa, kiwango ambacho hakijabadilika tangu 1991, ili mradi bakshishi zifikishe kima cha chini. Huko kutotoa ni kumkata mtu mshahara. Uingereza, tangu Oktoba 2024, sheria inawataka waajiri kuwapa wafanyakazi bakshishi zote bila kukata.

Tanzania, mwenye wajibu wa kumlipa mhudumu ni mwajiri. Bosi anayesema “hapa hatulipi sana, wageni watakutoa” anamgeuza mgeni kuwa mlipa mshahara, na zawadi kuwa kodi. Toa bakshishi kwa moyo, lakini usiikubali hoja hiyo.

Kwa kifupi, kabla hujashuka kwenye treni:

- Weka pembeni noti tano za 1,000.
- Patana ujira wa mzigo kabla. Ongeza baada ya kazi.
- Mhudumu wa chumba: kila asubuhi, na karatasi yenye maneno.
- Shilingi, mkononi au kwenye namba yake.
- Mchana, mbele za watu, na neno asante.
- Huna? Acha chumba kikiwa safi, na taulo likiwa pale pale.