Kuiondoa Daawa Mahakamani

Ndugu zetu Waislamu, wengi wetu hudhani ya kuwa daawa ikishafunguliwa haina mwisho illa hukumu, mmoja ashinde na mwenzake ashindwe. Sivyo. Daawa nyingi huondolewa njiani, na namna ya kuondolewa kwake ndiyo iamuayo kama haki ya mtu imesalia au imepotea.

Jirani yetu mmoja alimshitaki mshirika wake wa biashara kwa deni. Kabla ya siku ya kusikilizwa wakakutana msikitini baada ya sala ya Ijumaa, wakapeana mikono, na mdaiwa akaahidi kulipa kwa mafungu. Mzee wetu kwa furaha akaenda mahakamani, akasema kuwa aiondoa kesi yake, akarudi nyumbani. Fungu la kwanza halikuja, wala la pili. Aliporejea kufungua kesi upya akaambiwa haiwezekani. Watu wakasema hakimu kamdhulumu. Sisi hatusemi hivyo.

Sheria ya Mwenendo wa Madai ya Tanzania Bara, ya mwaka 1966, ifuatwayo na mahakama za wilaya, za hakimu mkazi na Mahakama Kuu, yaeleza jambo hili katika Amri ya 23. Mdai aweza kuiondoa daawa yake wakati wowote. Lakini akiiondoa bila ya kupewa ruhusa ya kufungua nyingine, hawezi tena kumshitaki mtu yule kwa jambo lile lile, na gharama za mwenzake zaweza kumwangukia. Ruhusa hutolewa kwa sababu, kama vile hati ya madai kuwa na kasoro ya utaratibu. Na mwenye ruhusa naye asilale, kwani muda huhesabiwa kana kwamba daawa ya kwanza haikuwako. Daawa ya mkataba ina miaka 6, ya kurejesha ardhi miaka 12. Ukipita, mdaiwa huweka pingamizi, na daawa hutupwa kabla shahidi hata mmoja hajasema neno.

Basi mzee wetu angefanyaje? Sulhu ile ingeandikwa: kiasi gani, kilipwe lini, na kisipolipwa itakuwaje. Wote wawili watie sahihi, kisha ipelekwe mahakamani. Mahakama ikiona ni makubaliano halali, huyaweka katika kumbukumbu zake na kutoa tuzo kwa mujibu wake. Hapo ahadi imekuwa hukumu. Mdaiwa asipolipa, mdai haanzi kesi mpya, bali huomba tuzo itekelezwe, hata kwa kukamata mali. Tuzo hiyo haina rufaa. Kwa hiyo mtu asome kwanza, khasa mama zetu, ambao katika mirathi huambiwa na ndugu zao watie dole tu.

Wako wasemao kuandikiana ni kutoaminiana. Twawastaajabia, maana aya iliyo ndefu kuliko zote katika Kurani, ya 282 ya Suratul Baqara, ni ya kuandikiana deni. Na Mtume s.a.w. alipowasikia Ka'b bin Malik na Ibn Abi Hadrad wakigombania deni msikitini, alimwashiria Ka'b asamehe nusu. Ka'b alipokubali, Mtume hakuliacha jambo hapo. Alimwamuru mdaiwa ainuke alipe.

Jirani yetu hivi sasa humwendea mwenzake kila mwisho wa mwezi, fimbo yake mkononi, kuomba kilicho chake.